Saksafoni Iliyotakiwa Inyamaze

Kaka yangu alipofariki aliacha mke, mama yetu mzazi, na saksafoni. Wifi aliisimamisha kwenye kona ya sebule. Haukupita muda tukaanza kuisikia.

Haikulia. Vitufe vyake ndivyo vilivyogonga, taf, taf, taf, mchana kweupe, bila mkono wa mtu. Tena kwa mpangilio: viwili vya juu, kimoja cha chini, kisha cha pembeni. Kaka alikuwa na tabia hiyo ya kunyoosha vidole kabla ya kupuliza. Mimi nikienda kuwatembelea nikasikia hivyo, nasali kimoyomoyo hadi vinyamaze.

Mama yalimshinda. "Mwanangu," alimwambia wifi, "kufikia Jumapili kitu hiki kinyamaze, la sivyo kitoke humu ndani. Siwezi kumzika mtoto kila siku."

Kuitoa, wifi asingeweza. Ndiyo aliyokuwa akiipuliza yeye kanisani tangu kaka augue, na hakuwa na kingine cha mumewe cha kushika. Akaipeleka kwa fundi wa vyombo vya muziki. Kesho yake fundi akapiga simu.

"Dada, njoo uchukue mzigo wako."

"Umeshamaliza?"

"Hata sijaanza. Springi zimechoka, vitufe vinajiangukia. Ugonjwa wa kawaida."

"Sasa mbona huitengenezi?"

"Nitakufundisha, utaitengeneza kwako. Mimi nina watoto wadogo, dada."

Wifi aliponisimulia, tulicheka.

Fundi alimfundisha kung'oa springi iliyochoka kwa koleo na kutia mpya, kubandika kizibo kipya cha ngozi chini ya kila kitufe, na kupima kwa balbu ndogo iliyoteremshwa ndani ya bomba. Mwanga ukichungulia popote gizani, na pumzi itavujia hapohapo.

Jumamosi tulifunga mapazia, nikamshikia bomba. Wifi ni mshonaji, mkono wake hautetemeki. Akatoa kizibo, akayeyusha gundi kidogo, akabandika kingine. Vile vya zamani vilinuka kama kaka akirudi kutoka mazoezini. Tulipofika kitufe cha mwisho mwanga ulikuwa bado unapenya, mwembamba kama uzi. Wifi akaachia mikono yote miwili ajifute jasho.

Kitufe kikashuka taratibu, kama kimebonyezwa na mtu mwenye subira. Ule uzi wa mwanga ukazimika.

Hatukutazamana. Yeye alikaza skrubu. Mimi sala niliianzia katikati.

Jumapili baada ya ibada akaipuliza mbele ya mama. Ilitoka sauti safi, imenyooka. Akairudisha konani. Tukala, tukaosha vyombo. Kimya.

Mama akaanza kulia.

"Mmemtoa."

"Mama, si wewe uliyesema inyamaze?"

"Nilisema inyamaze. Nani aliwaambia mumfukuze mwanangu?"

Wifi alichukua koleo, akang'oa springi mpya zote, akarudisha zile zilizochoka. Sasa saksafoni haipigiki, na kanisani wifi anaimba tu kama sisi wengine.

Springi zile zimelegea mno, hata upepo ungetosha. Lakini vitufe vimekaa wima, havianguki. Mama amesogeza kiti chake konani, ameitegea saksafoni sikio. Nikiingia nikamwamkia, ananinyooshea kidole ninyamaze.