Mahali Alipolazwa Ambakisye

Saa tisa na dakika ishirini alasiri, Jumapili moja ya mwezi wa Juni, ndipo nilipofungua kinywa changu na kumharibia mama mmoja miaka minane ya utulivu. Nakumbuka dakika, mwanangu, kwa sababu nilikuwa nimenunua saa ya mkononi wiki ile na nilikuwa naitazama kila mara.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, karani wa kupima mpunga mjini Mbeya. Mzungu mmoja aliyekuwa akirudi kwao aliuza vitu vyake, nami nikapata vitabu vyake vitatu vya meli na kitabu cha ramani. Nilivisoma kwa kamusi, kurasa nne kila asubuhi kabla ya kazi. Kwetu Iyunga, saa hizo ukungu hujaa bondeni mpaka vilima vinabaki vichwa tu. Nilikuwa nainua macho kutoka kwenye kitabu, nautazama ukungu ule ukienda polepole, nami najiona nimesimama kwenye sitaha. Ziwa Nyasa lenyewe sikuwa nimelifikia. Lakini nilijua meli hupimwaje, nahodha huandika nini katika daftari la safari, na kengele hupigwa mara ngapi. Vijana wenzangu waliniita Nahodha wa Nchi Kavu, nami jina lile lilinipendeza kuliko nilivyoonyesha.

Jumapili ile, baada ya ibada, tulikuwa nyumbani kwa Bibi Sekela, mjane mwenye heshima, tukinywa chai na kula viazi. Mwanawe mkubwa, kaka Asajile, alikuwa akisimulia safari yake ya vita. Yeye na mdogo wake Ambakisye walipandishwa meli Mombasa pamoja kwenda kupigana ng'ambo, upande wa mashariki. Akarudi mmoja. Ambakisye aliugua homa, akafa siku ya nne wakiwa majini. Asajile alimwambia mama yao kwamba meli ilisimama kisiwani, mdogo wake akazikwa vizuri, na yeye aliporudi alipitia hapo akachota udongo wa kaburi. Kwetu siku zile udongo wa namna hiyo ulikuwa na uzito. Bibi Sekela aliufukia nyuma ya nyumba, karibu na migomba, akafanya tuta, na kila Jumamosi alilipalilia.

"Meli ilikuwa kubwa kama kilima kile," Asajile alisema, "na jikoni ndani yake."

"Na choo?" mmoja akauliza.

"Choo kipo, ila kinayumba. Unalenga huku, kinakwenda kule!"

Watu wakacheka sana. Mimi sikucheka. Nilikuwa nahesabu.

"Kaka Asajile," nikasema, "siku ya nne kutoka Mombasa hakuna kisiwa katika njia ile. Halafu meli ya askari wakati wa vita haisimami kwa ajili ya maiti. Anayefia majini hushonewa turubai, anafungwa vyuma miguuni, anashushwa baharini. Vitabu vyote vitatu vinasema hivyo."

Nilitegemea wastaajabu kwa elimu yangu. Asajile alitazama chini, na katika kutazama kule mama yake akapata jibu. Akaweka kikombe chake chini taratibu.

"Basi miaka yote hii," akasema, "nimekuwa nikipalilia nini?"

Akaingia ndani. Siku ya pili hakula. Siku ya tatu hakula.

Jioni ya siku hiyo ya tatu Asajile alikuja chumbani kwangu. Nilidhani atanipiga, nikasimama. Yeye akaketi kitandani pangu, akavitazama vitabu.

"Ulichosema ni kweli," akaniambia. "Nilikuwepo, niliishika miguu yake. Udongo ule niliuchota Mombasa, nje ya stesheni. Kweli hiyo niliibeba peke yangu, nikitafuta siku ya kumwambia mama na sikuipata. Wewe umekuja kuibwaga mbele yake kama gunia la mpunga, watu wanakula viazi."

"Nisamehe, kaka."

"Msamaha wangu hautamlisha mama. Wewe unayejua bahari, msaidie."

Sikujua nianzie wapi, nikamwomba anieleze siku ile yote, saa kwa saa. Akaeleza. Mwisho akasema kwamba karani wa meli alimpa karatasi, nayo ipo katika kitabu chake cha jeshi, ila ina tarakimu tu. Nikamwomba akailete usiku uleule.

Tarakimu zile zilikuwa nyuzi za ramani, mwanangu, za kuonyesha mahali duniani. Nusu digrii kusini ya ikweta, digrii hamsini na nne mashariki. Nilinyoosha nyuzi mbili za kushonea juu ya ramani, mmoja wa kulala na mmoja wa kusimama, na zilipokutana nikatia alama ndogo ya kalamu. Nilipima mara tatu.

Asubuhi tulimpelekea. Nilipiga magoti, nikamfunulia ramani mapajani, nikamweleza kwamba mahali pale pameandikwa katika daftari la meli, na kwamba nahodha yeyote duniani akipewa tarakimu zile anaweza kufika hapohapo. Akaweka kidole juu ya alama. Akakaa nacho hapo muda mrefu, ukungu ukipita mlangoni.

"Maji yake ni ya baridi?" akauliza.

Mimi sikujua. Hakuna kitabu kilichoniambia. Asajile ndiye aliyejibu: "Hapana, mama. Ni ya vuguvugu. Usiku tulilala juu bila blanketi."

"Afadhali," akasema. "Yule mtoto aliogopa sana baridi."

Kisha akaniuliza mahali hapo pako upande gani ukiwa hapa mlangoni. Nikamwonyesha, juu ya kilima cha mashariki. Akageuza kiti chake kikaelekea huko, akaomba uji. "Ndaga," akaniambia nilipompa bakuli. Ndiyo asante ya kwao.

Mwanangu, soma. Soma kuliko mimi, na usikubali anayekuambia kwamba vitabu ni vya watu wengine. Lakini unapokuwa na jambo la kweli mdomoni, angalia kwanza nani ameketi hapo na amebeba nini. Kama ni lazima kusema, nenda kwake faraghani, ukae naye mpaka aweze kulishika. Na pale elimu yako inapokoma, mwachie nafasi ya kusema yule aliyekuwepo.

Mungu akujalie akili nyepesi na mkono mpole. Popote utakapofika, nchi kavu au majini, awepo mtu anayejua ulipo.