Mama na Mkorea Mbele ya Sinia

Shule niliishia darasa la nne. Leo fika mjini, Ufukoni, uulize nyumba ya ghorofa ya yule mwenye malori ya korosho, hata mtoto atakuleta mpaka getini. Wenye digrii zao wananisubiri mimi niwabebee mzigo. Sijui kitu nilichokitaka nikakikosa. Ila mwaka ule mama yangu alikuwa anakufa kwa njaa kule kijijini Msimbati, ndani ya nyumba niliyomjengea mwenyewe, na chakula kimejaa.

Mama ana ugonjwa wa sukari. Vidonge anameza kila asubuhi, na daktari alishasema wazi kwamba ukimeza lazima ule. Dada yangu anaishi naye, ndiye mpishi. Basi wakaja vijana wamisionari kutoka Korea, kazi yao kuhudumia wazee, hawaulizi dini. Sisi Waislamu, lakini mama akapewa wa kwake, kijana mwembamba, wa kumchotea maji, kumpasulia kuni na kumjengea choo kipya. Kutwa nzima yupo pale. Mwanzoni muhogo ulimwendesha vibaya, akawa anashinda kichakani kuliko kazini. Mama akamwonea huruma, akampenda.

Haikupita muda dada akanipigia simu.

"Kaka, mama hali mchana. Sinia linarudi kama nilivyolipeleka. Na huyo Mkorea naye ati ameshiba."

"Ameshiba nini?"

"Hewa."

Jioni napo mama alikuwa amechoka, anaonja kidogo tu analala. Nikaenda na gari limejaa maziwa ya kopo, kamba wakubwa na mchele wa Mbeya, na daktari wa kulipia nikampakia humo humo. Nani mwingine pale kijijini angeweza? Haikusaidia kitu. Mama alizidi kukonda mpaka kanga ikawa inamzunguka kama imening'inizwa kwenye mti. Nikajua tu, mama hana hamu kwa sababu ya ugonjwa, na mgeni anachagua chakula.

Siku moja adhuhuri, mimi nipo pale pale, mama akaanguka mlangoni mwa jiko. Jasho linamtiririka, macho yamegeuka. Gari langu, lile la bei mbaya, likazama mchangani. Mkorea ndiye aliyembeba mgongoni mpaka zahanati, akikimbia.

Wakamtundikia dripu, akazinduka. Muuguzi akaniambia, "Baba, akimeza vidonge bila kula, siku nyingine hamtamuwahi."

Kesho yake, mama amesharudi nyumbani, nikaapa kwamba sibanduki barazani mpaka nimwone akitafuna. Dada akaleta sinia la ugali wa muhogo, kisamvu cha nazi, na ming'oko, ile mizizi ya porini, imechemshwa.

"Karibu mgeni," mama akasema.

"Karibu bibi," kijana akasema.

"Anza."

"Bibi kwanza."

Mvuke ukaisha kwenye ugali. Nzi wakaanza wao.

Nikapandisha mori. "We kijana! Chakula cha mama yangu kinanuka?"

Akainamisha kichwa, mikono magotini. "Hapana, baba. Kwetu mzee anaanza. Mtoto akianza, hana adabu. Mimi nangoja bibi."

Nikamgeukia mama. "Na wewe?"

"Mgeni hajatia mkono, nitatiaje mimi? Waseme nimemnyima?"

"Mama, utakufa!"

"Nife na heshima yangu. Au nilikulea vingine?"

Nikamega tonge. Nilitaka niwalishe wote kwa mpigo, kila mkono na tonge lake, halafu nikakumbuka kuwa mmoja ni wa kushoto. Mama angelitema. Nikabaki nimelishika, mtu mzima na malori yangu, machozi yananidondoka kwenye sinia.

Kijana alikuwa anautazama mkono wa mama, pale palipobandikwa plasta ya dripu. Akachukua mng'oko, akageukia ukutani, akaziba mdomo kwa kiganja, akatafuna.

"Umeona!" mama akapiga kelele. "Kinamchefua mpaka anageuza uso!" Akaanza kuinuka. Nikamdaka kanga.

"Kaa, mama, nakuomba! We kijana, mbona unageuka?"

"Kula mbele ya uso wa mzee, naona haya," akasema, bado anautazama ukuta, shavu limejaa. "Tamu, bibi."

Mama akakaa. Akamtazama mgongo ule uliombeba jana.

"Muongo," akasema. "Haijatiwa hata chumvi."

Akanawa, akamega. Nami sikupepesa jicho mpaka tonge lilipoingia mdomoni.