Chumba cha Mama Nyuma ya Maduka ya Mawese

Mama yangu alimpenda sana mume wangu, na kwa sababu hiyohiyo hakukubali kulala nyumbani kwake hata siku moja. Kwa watu wa Minago wa rika lake, mkwe huheshimiwa kwa mbali. Mama akija kwetu Rumonge atakula, atacheka, kisha jua likianza kuinama atatafuta kanga yake na kuaga. Nilikuwa nikimtania kwamba anamwogopa mume wangu kuliko mamba.

"Simuogope, ninamuheshimu," alinijibu. "Wewe ndiye haumuogope wala haumuheshimu."

Basi ziwa lilipopanda na kuingia nyumbani kwa Mama kule Minago, likalowesha kuta mpaka zikalala moja moja, sisi tulikuwa na chumba kizima cha kumpa, naye hana pa kulala. Mume wangu alikipaka chokaa kwa mikono yake. Mama alikitazama akiwa mlangoni, hakuingia.

"Murakoze sana, baba," alimshukuru. "Sasa munitafutie nyumba ya kupanga, ya bei ya mujane."

Nilidhani bei ndiyo itakayotushinda. Kumbe vyumba vya bei yake vilikuwapo, vya matofali mabichi, nyuma ya maduka ya mafuta ya mawese. Kilichotushinda ni umri wake. Mwenye nyumba alikuwa akinikubalia mimi vizuri kabisa, halafu akimwona Mama anavyoshuka polepole kwenye baiskeli ya abiria, ameshika kiuno, anakumbuka ghafla kwamba chumba kimeshachukuliwa. Nilirudi nyumbani nimefura kwa hasira, nikamwaga hasira yote kwa mume wangu, ambaye hakuwa na kosa.

Mmoja tu ndiye aliyetuambia ukweli.

"Mama, chumba iko. Lakini mutu muzee akifia hapa, matanga tutaweka wapi? Hii parsela yangu ni kiwanja kidogo."

Kwetu msiba hukaa pale mtu alipofia. Watu huja na mikeka, masufuria hubandikwa uani, na hakuna mwenye nyumba mwenye uso wa kuwafukuza. Hata hivyo nilikuwa nimeshafungua kinywa nimpe maneno yake, Mama akanishika mkono.

"Usiwe na wasiwasi, baba. Nikiona nimeanza kuumwa, nitatoka mwenyewe."

Alisema kwa utulivu, kama anayepatana bei ya ndagala, dagaa wa kwetu. Mwenye nyumba akacheka, akampa ufunguo. Na mimi nikacheka, nikiona tumepata. Natamani nisingecheka.

Aliishi vizuri mle. Alianika ndagala zake uani, akagombana na kuku wa jirani, watoto wa wapangaji wakamwita bibi. Jioni nilimpelekea ugali wa muhogo na mboga, naye hakukosa la kusema kuhusu chumvi yangu. Nikaamini shida ya nyumba imekwisha.

Kumbe kifua kilikuwa kinamsumbua, naye alikuwa akikoholea ndani ya kanga ili majirani wasisikie. Asubuhi moja alifagia chumba, akampa mke wa mwenye nyumba ufunguo, akaja kwangu kwa miguu na furushi lake. Alikaa barazani. Alisema anapumzika kidogo tu, kisha atapanda gari aende Minago. Minago hapakuwa na nyumba, na sote wawili tulijua.

Jioni hakuweza kusimama. Mume wangu alimbeba, akamlaza katika kile chumba cha chokaa, halafu akachukua mkeka wake akaenda kulala kwa kaka yake, ili Mama asilale chini ya paa moja na mkwewe. Sikumwona Mama akilia ziwa lilipokula nyumba yake. Siku hiyo alilia.

"Nimemufukuza mukwe kwake," alisema.

Nilimwambia hapa ni kwake pia. Aligeukia ukutani. Dawa alizopewa hospitali alizinywa zote bila ubishi, jambo ambalo si kawaida yake, na wiki haikuisha, akafariki.

Siku ya pili ya matanga mwenye nyumba wake alikuja na mkewe, wamebeba sufuria ya maharage. Akaniuliza mbona Mama alirudisha ufunguo na kuhama bila kusema sababu. Nikamkumbusha walivyopatana. Alishangaa kweli.

"Ile? Ilikuwa maneno tu, mama! Nani angemutoa muzee anaumwa? Chumba chake iko vilevile, sijaweka mutu."

Nilitaka kumpigia kelele. Nikampokea sufuria, nikaenda nayo jikoni, nikasimama humo. Mama angeweza kufia kitandani pake, ndani ya chumba alichokipanga mwenyewe, na mkwe wake angekuja kumjulia hali akiwa amesimama mlangoni, kama Mama alivyopenda.