Patapata ya Mama Emilienne

Mama Emilienne alivukaka ziwa kutoka Kilwa, kule Kongo, mwaka wa 98. Kule alikuwa mwalimu wa batoto badogo. Huku Nchelenge, Zambia, akafungua kelasi mu kanisa, batoto kumi na ine. Ubao hakuna. Alikuwa anaokota patapata ya kukatika, bilato ya mpira ya miguu, ku muchanga, anasukula na sabuni, anakata na wembe: rondi ya duara, kare ya pembe ine, triyangili ya pembe tatu.

Bantu balimucheka. "Mama, unaokota na miguu yenyewe?"

"Leta yako, nikukatie na akili kidogo!"

Miye niliacha masomo Grade Nine, nikakuwa wa kutembea-tembea tu. Nkonde, mwenye bwato, akaniambia: kuya na wavu yako, tutavua pamoja. Wavu nilipata. Maboya hapana. Huku kila mutu anakata maboya mu patapata ya zamani, na ku muchanga Mama Emilienne alishamaliza yote. Njo siku ya posho, kelasi hakuna, niliingia mu kanisa, nikabeba mufuko yake muzima ya patapata. Nikatoboa moja moja na musumari ya moto, nikafunga ku wavu.

Kazi moja, juma ikianza, Mama Emilienne alifundisha na kidole mu muchanga. Upepo inafuta. Thelma, mama ya Beauty, mutoto mumoja wa kelasi, akasema: "Kuchezea muchanga, mutoto wangu anajua tangu kwetu." Akamutosha mu kelasi. Bengine bane bakafuata.

Mama Emilienne aliniuliza hata miye: "Mutoto wangu, haukuona mutu na mufuko?"

"Hapana, Mama. Pengine ni bambwa."

Akanishukuru.

Kisha siku moja nilianika wavu ku mwambao. Batoto bale balibakia bakapita. Kasuzanne, wa miaka tano, akasimama. "Triyangili! Kare!" Bote bakafuata wavu mupaka mwisho, banaita kila moja jina yake, hakuna aliyekosa. "Hii ni rondi," mumoja akasema, "lakini mutu aliitoboa."

Mama Emilienne alikuwa nyuma yabo. Aliangalia wavu, akaniangalia.

"Banajua," alisema. "Umesikia? Banajua."

Akabarudisha ku kelasi.

Nilikata kamba pale pale, nikapeleka patapata yote ku kanisa. Nikaenda kwa Thelma, nikasema ni miye. "Kumbe weye, mwizi wa bilato!" Alinitukana mupaka bajirani bakatoka. Lakini Beauty, mama yake alishamutuma kwa nkambo yake muzee, kule mbali Chienge.

Leo ku mukeka ya kelasi beko batoto kenda tu. Kasuzanne ameingiza kidole mu tundu ya musumari. "Mama, triyangili iko na rondi mu tumbo!"

Bote banacheka, hata Mama Emilienne. Miye niko ku mulango. Kucheka nashindwa.