Mkono Kwenye Bomba la Kokwa

Siku yangu ya kwanza katika kiwanda cha mafuta ya mawese hapa Rumonge, shefu wa zamu hakunipa kazi yoyote. Alinishika mkono, akauweka kwenye bomba la chuma.

"Unasikia nini?"

"Inatetemeka, shefu."

"Basi kokwa zinapita. Ikinyamaza, ujue iko daraja."

Bomba lile lilianzia chini ya tremi, sanduku kubwa la chuma, pana juu na jembamba chini, na kupeleka kokwa za mchikichi kwenye mashine ya kuzipasua. Kokwa zenye mafuta na nyuzi hushikana, zikajenga tao juu ya mdomo wa bomba. Hilo ndilo daraja. Mwanzoni tulilivunja kwa nyundo ya mti. Baadaye ikaletwa vibreri, mota ndogo yenye uzito upande mmoja. Ikizunguka, bomba hutikisika na kokwa huteremka kama maji. Wengi walidhani kutikisa ni kutikisa tu. Wapi! Mdomo ukiwa wazi, mtikiso humwaga. Ukiwa umefungwa, hushindilia, kama mama wa sokoni anavyotikisa kopo la unga wa muhogo ili mteja asinung'unike.

Nilipelekwa Minago kwenye kinu cha unga, kisha nikarudishwa Rumonge kuwa fundi wa vibreri. Ndipo Saidi, rafiki yangu tuliyeajiriwa pamoja, alipopanda juu ya kokwa kulichokoa daraja kwa nondo. Lilivunjika, naye akazama hadi kifuani. Nilifunga mdomo wa bomba upesi.

"Washa vibreri, zilegee!" wenzangu walipiga kelele.

"Mutu asiguse!" shefu alinguruma. "Munataka kumushindilia?"

Saidi hakuweza hata kuita. Kila alipotoa pumzi, kokwa zilimbana zaidi. Niliogopa mno. Tulimzungushia mbao za kuzuia kokwa zisimbane, tukachota kokwa kwa mabeseni ya akina mama wanaokamua mawese, tukamtoa mzima, mbavu zikiuma.

Sasa sote tumestaafu. Tukitoka msikitini Ijumaa hupitia sokoni, ambako kila mteja hudai kopo litikisike vizuri kabla ya kulipa. Saidi huwahi kulifunika kwa kiganja.

"Acha vile, mama. Usitikise. Murakoze, asante."

Hakuna anayerudi nyumbani na unga pungufu kama yeye, na mkewe hajawahi kumuuliza.