Laker hanywi chai ya nyumba anayoipima

Saa mbili asubuhi, Kawempe. Laker Onen, mthamini wa nyumba na viwanja, amepiga goti kando ya ukuta, futi ya kupimia mkononi. Ndani, chai ya maziwa inapoa mezani.

"Mama, kunywa basi! Chai haina mdomo, haitasema," anamhimiza mwenye nyumba, Jean-Pierre, muuza vitenge kutoka Bukavu. Benki inataka kujua thamani ya nyumba hii kabla ya kumpa mkopo.

"Ripoti ikishafika benki, papa, nitakuja nimalize birika zima," Laker anamjibu. Wote wanacheka. Kisha anapiga picha ufa ulio chini ya dirisha.

Kukataa chai ya mtu si jambo dogo. Lakini Laker, mwenye miaka 34, amewahi kukataa kubwa zaidi.

Alizaliwa kambi ya polisi, baba yake akiwa konstebo. Baba alipofariki, familia ilitakiwa kuondoka. "Nyumba ya kambi ni ya kazi. Kazi ikiisha, vyombo nje," anasema.

Aliyewapokea ni Zulaikha, mjane wa askari, hapa hapa Kawempe. Aliwapa chumba cha nyuma miaka mitatu bila kodi. "Hata sare yangu ya shule alishona yeye," Laker anasema.

Mwaka juzi, ofisini kwao, alikabidhiwa jalada la nyumba ya kupima. Kulifungua tu, akakuta jina la Zulaikha.

Alilirudisha kwa bosi. "Nilimwambia, ile nyumba imenilea. Mkono wangu utapandisha bei bila mimi kujua." Kanuni za kazi yake ndivyo zinavyotaka: mwenye uhusiano na nyumba asiipime. Akaenda mwenzake, Odyek.

Zulaikha alitarajia mkopo wa kujenga vyumba vinne vya kupangisha. Ukatosha viwili, maana Odyek aligundua kona ya kiwanja imeingia kwenye ardhi ya mtaro wa mji, na thamani ikashuka.

"Nilikupa godoro, wewe unaninyima kalamu?" alimwuliza Laker kwenye simu. Tangu hapo, kimya.

"Nililia. Niliona nimempoteza mama wa pili."

Mpaka mwezi huu, Jean-Pierre alipofika ofisini akimtafuta kwa jina. Alitumwa na jirani yake, Zulaikha, aliyemwambia: "Mchukue Laker. Huyo hata mimi alinikatalia. Akikuandikia bei, benki itaamini."

Jumapili iliyofuata Laker alikwenda kwake. Zulaikha alimpokea mlangoni: "Umekonda! Hiyo kazi yako haikulishi?" Laker alikula, akaongezewa, akala tena. Hakukuwa na jalada kati yao.

"Namshukuru Mungu kwa yule mama," anasema. "Alinipa nyumba mara mbili: utotoni, na Jumapili ile."

Sasa, katika mshahara wa shilingi milioni moja na laki mbili, anaweka akiba kidogo kidogo apate kiwanja mtaa huu huu. Na siku nyumba yake itakapohitaji kupimwa, atamwita Odyek?

"Aa, huyo ni rafiki yangu, hafai! Aje mtu nisiyemjua kabisa."

Na chai?

"Nitampikia," Laker anacheka, akikunja futi yake. "Najua hatakunywa."