Kushusha si Kuangusha

Maneno yalikuwa manne tu, na Perpétue aliyaandika kwa mkono wake mwenyewe, herufi zimenyooka, tarehe juu, jina chini: "I let him down." Kwa maneno hayo manne nyumba ya wazee ya kule Maplewood, alikofanya kazi ya kuhudumia wagonjwa, ilimwambia akae kwake mpaka aitwe. Yangepelekwa serikalini jinsi yalivyo, jina lake lingeingia kwenye orodha ya wasioruhusiwa tena kumgusa mgonjwa katika jimbo zima la Minnesota.

Na Perpétue hakuwa mtu wa kuandika kitu ovyo. Kwao Uvira, Kongo, aliuza vitenge sokoni tangu ana miaka kumi na sita. Kwenye kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, aliuza sabuni ya vipande, na hakuna aliyewahi kumpunja kipande. Alipofika Saint Paul mwaka 2012 na kupanga chumba mtaa wa Frogtown, alikiendea Kiingereza kama robota la mitumba: fungua, shika, geuza, uliza kila kilichomo. Akaona mapema kwamba bidhaa yenyewe ina vituko. Hawa watu "wanatengeneza" kitanda ambacho seremala alishakimaliza zamani. "Wanachukua" bafu, na bafu linabaki palepale ukutani. Kitenzi chao nacho hakisemi lolote la maana mpaka umwone mwenzake mdogo anayekuja nyuma. Kiswahili hubadilisha mkia wa neno, shuka, shusha, shushia, kazi ikaisha. Kiingereza huliacha neno vilevile, kisha hulitupia kijineno pembeni, na humo kwenye kijineno ndimo bei ilimo.

Basi alikuwa na daftari. "Let in": mwache aingie, yaani ingiza. "Let out": mwache atoke, yaani toa. Hakuna aliyemfundisha "let down". Aliitoa mwenyewe kwa hesabu, na hesabu ilikuwa safi. Mwache aende chini. Shusha.

Asubuhi ile ya Februari 2016 alikuwa anamtoa msalani mzee Engstrom, mtu wa miaka themanini na minane, mrefu kama mlango. Alimshika kwa ule mkanda mpana wanaofungwa wagonjwa kiunoni. Katikati ya chumba magoti ya mzee yakakatika. Mtu mzito anayeanguka humzuii, utavunjika naye. Unapanua miguu, unamvuta kifuani, unamteremsha juu ya paja lako mpaka sakafuni. Ndivyo walivyofundishwa na ndivyo alivyofanya. Mzee hakugonga hata kisigino. Aliyekuwepo ndiye anayeandika taarifa, naye akaandika.

Siku tisa baadaye mzee akafa kwa nimonia. Binti yake akaomba kuona faili la baba, akakuta yale maneno manne, akaandika malalamiko.

Aliyempigia simu Perpétue kumweleza ni Kemunto, Mkenya aliyekuwa anasomea uuguzi na kufanya zamu naye.

"Dada, hiyo report yako nimeiona. Uli-mean nini hapo?"

"Nilimshusha. Si ndivyo nilivyoandika?"

"Hujaandika umemshusha. Umeandika umemwangusha."

"Weye Kemunto, usinichezee. Kuangusha ni 'drop'. Neno hilo nalijua, na sikuliandika."

"Si kumwangusha mwili, dada. Kumwangusha moyo. Mtu alikutegemea, ukamtupa. Hao wakiisoma wanaona umekiri."

Perpétue alilifungua daftari lake. "Na 'let in' ni kuingiza?"

"Eeh."

"'Let out' ni kutoa?"

"Eeh."

"Sasa hii ya tatu nani kaiharibu?"

"Waulize wenyewe," alisema Kemunto, akaanza kucheka, kisha akaacha, kwa sababu upande wa pili hapakuwa na kicheko.

Alhamisi wakamwita. Mezani walikuwa watatu: mkuu wa wauguzi, ambaye ni mama mwenye mvi na miwani ya kamba; meneja wa ofisi, mwanamume mnene aliyevaa tai; na binti wa marehemu, amekaa na koti lake la baridi bila kulivua. Walimwekea Perpétue mkalimani kwenye simu. Akamkataa kwa adabu. Anayenunua kupitia dalali hununua mara mbili.

Meneja akamsogezea karatasi. Alieleza polepole, kama mtu anayempa mwenzake zawadi: Perpétue akisaini kwamba hakumtunza mzee inavyopasa, jambo litaishia hapo chumbani. Halitapelekwa serikalini. Yeye atahamishiwa chumba cha kufulia nguo.

Perpétue aliitazama karatasi bila kuigusa. Sokoni, anayetaja bei kabla hujauliza ana haraka ya kuondoa mzigo. Hawa nao hawakuwa na hakika na walichokuwa wanauza.

"Bon," alisema, na yaliyofuata aliyasema kwa Kiingereza chake mwenyewe. "Simama, tafadhali."

"Mimi?" meneja akauliza.

"Wewe. Ni mzito kama yeye. Sasa legeza magoti."

Meneja alisimama, akalegeza magoti nusu nusu, kwa aibu. "Legeza kweli," Perpétue akamwambia, "mzee hakuona haya." Akalegeza kweli. Mikono ya Perpétue ikapita kwapani mwake, akamvuta kifuani, paja likatangulia, na mtu yule mzima akateremka taratibu mpaka akakaa kwenye zulia, tai imemlalia begani.

"Hiki nilichokufanyia," Perpétue aliuliza huku bado amemshika, "kinaitwaje?"

Meneja alitazama juu. "Umeni... 'lowered'. Ndilo neno."

"Hilo sikuwa nalo. Nilikuwa na 'let' na nilikuwa na 'down'. Nikayaweka pamoja."

Mkuu wa wauguzi alivua miwani. Binti wa marehemu hakusogea. Alipozungumza, aliielekeza sauti kwenye meza.

"Nilipoisoma ile sentensi nilikasirika. Halafu nikaisoma kila siku. Nikasema, angalau yuko mtu mmoja humu aliyesikitika. Miezi minne sikuja kumwona. Nakaa Bloomington, dakika ishirini na tano kwa gari." Akavuta pumzi. "I let him down. Mimi."

Safari hii maneno yalikuwa mahali pake, hapakuwa na cha kusahihisha.

Perpétue alijua hapo panahitaji neno. Alijua pia kwamba "sorry" ya hawa watu ina mikono miwili: mmoja unafariji, wa pili unasaini kosa. Ile karatasi bado ilikuwa mezani. Akaliacha neno hilo.

"Pole," alisema kwa Kiswahili, na hakutafsiri. Kisha akaongeza kwa Kiingereza alichokuwa nacho kweli: "Nilishika kichwa chake mpaka muuguzi akafika. Aliniuliza kama theluji imeanza. Nikamwambia bado."

Binti wa marehemu aliitikia kwa kichwa, mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Akasema anaondoa malalamiko, akafunga vifungo vya koti, akatoka.

Wengine wangeshukuru na kuondoka naye. Perpétue alivuta kiti akakaa. Aliomba zaidi ya alichotaka: taarifa ya zamani ichanwe, naye apewe barua ya kuombwa radhi. Mkuu wa wauguzi akasema taarifa ya mgonjwa haichanwi, hata iwe na kosa. Barua, meneja akasema, ingebidi iulizwe ofisi ya juu.

"Basi iongezwe chini yake. Leo. Ninyi mwandike, mimi nisome."

Wakaandika kwamba mgonjwa aliteremshwa sakafuni kwa mikono miwili, kufuata mafunzo, na kwamba mwandishi alikosea neno, hakukosea kazi. Huo mwisho Perpétue aliudai mara tatu. Mkuu wa wauguzi akasaini. Ile karatasi nyingine meneja aliikunja aitie mfukoni. Perpétue akanyoosha mkono mpaka akapewa, akaichana mwenyewe.

"Na kopi yangu?"

Mashine ya kopi ilikuwa imekwama. Wakamwambia watamtumia kwa posta. Akasema atasubiri, akakaa chini ya saa ya ukutani, mkoba magotini, dakika arobaini, mpaka fundi alipoifungua na kutoa karatasi iliyokunjamana. Nakala yake ilipotoka, Perpétue aliisoma neno kwa neno akiwa amesimama, kidole kikipita juu ya vijineno vidogo vidogo, kimoja kimoja. Ndipo akauliza zamu yake ni siku gani.